Kuagiza vitabu vya rejea kutoka nje kwa maktaba ya shule ya kimataifa

Mwongozo huu unamlenga mkutubi wa shule ya kimataifa iliyoko Dar es Salaam au Mombasa, ambayo inafuata mtaala wa nje na hivyo hulazimika kuagiza sehemu kubwa ya vitabu vyake vya rejea kutoka Uingereza au Marekani. Bei iliyomo kwenye katalogi isikudanganye, kwa kuwa gharama halisi hujulikana kitabu kinapofika rafuni.

Hatua ya 1: Kagua ulichonacho

Atlasi isiyoonyesha Sudan Kusini kama nchi huru ilichorwa kabla ya mwaka 2011, na ensaiklopidia ya sayansi ambayo jedwali lake la elementi halina majina ya elementi za 113, 115, 117 na 118, yaliyoidhinishwa Novemba 2016, haimfai mwanafunzi wa kemia. Tumia vipimo hivyohivyo kwa vitabu unavyotaka kununua. Soma ukurasa wa hakimiliki kwa makini, kwa sababu kitabu kilichochapwa upya mwaka jana kinaweza kuwa na maudhui ya zamani yaleyale. Unachotafuta ni toleo jipya.

Hatua ya 2: Amua nini kinunuliwe kwa karatasi

Encyclopaedia Britannica ilitangaza mwaka 2012 kwamba haitachapwa tena vitabuni, nami naona hilo ni funzo tosha kuhusu mahali pa kuweka fedha. Takwimu za nchi na habari zinazobadilika zifuatwe kwenye hifadhidata za kulipia. Karatasi ibaki kwa kamusi, atlasi na ensaiklopidia za somo moja, ambazo wanafunzi kadhaa huzifungua kwa wakati mmoja darasani bila kuhitaji intaneti.

Kamusi za Kiswahili zinunuliwe hapahapa. Kumwagiza muuzaji wa London akutafutie Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa, Tanzania) ni kulipia safari ya kwenda na kurudi.

Hatua ya 3: Andaa orodha

Kila kitabu kiandikwe jina, mchapishaji, toleo na ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, ya tarakimu 13. Kamusi moja huwa na ISBN tofauti kwa jalada gumu na kwa jalada jepesi, kwa hiyo anayenakili namba kutoka tovuti ya kwanza aliyoikuta huenda akaletewa nakala zitakazochanika mgongo kabla ya muhula wa pili.

Hatua ya 4: Omba profoma

Peleka orodha ileile kwa wauzaji wasiopungua watatu, kila mmoja akupe profoma, yaani ankara ya awali ya kukuonyesha bei kabla ya kununua. Mbali na punguzo la bei, waulize uzito wa mzigo wote, vitabu ambavyo havipo ghalani, na mahali ambapo wajibu wao unakoma: mlangoni pa ghala lao, bandarini, au shuleni kwako. Profoma yenye bei ndogo kuliko zote mara nyingi ni ile ya mlangoni pa ghala.

Hatua ya 5: Chagua usafiri

Kampuni za ndege hulinganisha uzito wa mizani na uzito wa ujazo, yaani ule unaokokotolewa kutokana na ukubwa wa boksi, kisha hutoza ule mkubwa. Boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 25, ukigawa ujazo wake kwa 6,000, lina uzito wa ujazo wa kilo 5. Likijazwa vitabu, mizani husoma zaidi ya mara mbili ya hapo. Ndiyo maana seti nzito hufaa kupitia baharini pamoja na mizigo mingine ya shule, na ndege ibaki kwa vichache vinavyohitajika haraka.

Hatua ya 6: Tayarisha nyaraka za forodha

Kamusi na ensaiklopidia zina fungu lake katika orodha ya bidhaa za forodha, 4901.91, ambalo halitozwi ushuru wa forodha katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. VAT na tozo nyingine hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo mpe wakala wa forodha ankara mapema akukadirie. Hakikisha ankara hiyo inataja vitabu kwa majina, si “vifaa vya shule”, na kwamba CD, vitufe vya dunia na michezo ya elimu vimeorodheshwa kando, kwani havimo katika fungu hilo.

Hatua ya 7: Pokea mzigo

Linganisha ISBN moja baada ya nyingine na orodha yako. Kisha pekua kila juzuu kabla ya kugonga muhuri wa shule, ukitazama kurasa zilizoruka au zilizofungwa juu chini, kwa sababu muuzaji hakubali kurudishiwa kitabu chenye muhuri.