Kuchagua Bilauri za Kristali kwa Baa ya Hoteli

Ukinunulia hoteli ya Nungwi au Mji Mkongwe bilauri za wiski, usitosheke na picha ya sandukuni. Toa moja, ishike kitakoni, igonge mdomoni kwa ukucha. Kristali hulia kama kengele, mlio ukakawia. Gilasi ya kawaida hutoa mlio mkavu, mfupi. Usiikumbatie kiganjani, mlio utakufa.

Iinue kwenye mwanga. Nakshi iliyokatwa kwa gurudumu ina kingo kali na hutawanya rangi. Iliyotoka kwenye kalibu ina kingo butu, na mara nyingi mshono huonekana ubavuni.

La kuuliza zaidi ni risasi, ile madini. Kwa kanuni za Ulaya, kristali ya risasi ina angalau asilimia 24 ya oksidi ya risasi. Ni nzito na inang'aa sana, lakini risasi hiyo huvuja kidogo kidogo, hasa kinywaji kikilazwa siku nyingi kwenye chupa ya kristali. Kwa kazi ya kila siku chukua isiyo na risasi.

Kwa barafu, pana yenye kitako kizito, mililita 250 hadi 300. Kwa kunusa, yenye tumbo na mdomo uliobana, kama bilauri ya wiski iitwayo Glencairn.

Maji ya visima vya Unguja, yapitayo kwenye mawe ya matumbawe, huacha ukungu wa chokaa. Suuza kwa siki sehemu 1 na maji sehemu 3, kausha papo hapo. Ukungu usiotoka kwa siki ni kioo kilicholika, hakirudi.