SOMO: Kuzibua mtaro wa mtaa mlimani kabla ya vuli

Wanamtaa na majirani, habari za jioni.

Tangu Agosti ianze nimeulizwa jambo hili karibu kila siku, kwenye simu, dukani, hata msibani. Sasa naandika mara moja. Mimi ni katibu wa kamati ya usafi ya mtaa wetu, upande wa Mabatini, jijini Mwanza. Nyumba zetu zimekaa katikati ya mawe, na maji ya mlima mzima yanapita kwetu kabla hayajaingia Mto Mirongo na kwenda Ziwa Victoria.

1. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wapewe taarifa wiki mbili kabla.

2. Siku: Jumamosi ya mwisho wa Septemba. Watu wameshazoea usafi wa mwisho wa mwezi, na vuli ya Oktoba bado haijashika.

3. Tembeeni mtaro wote siku moja kabla. Kila penye bomba la maji wekeni alama ya chokaa, sururu isije ikalipasua.

4. Vifaa: koleo, majembe, reki, sururu mbili, matoroli, viroba, glavu, mabuti. Asiye na mabuti apewe kazi ya juu kavu. Mtaroni kuna chupa zilizovunjika na hata sindano.

5. Anzeni CHINI, pale mtaro unapomwaga maji, mpande kidogokidogo. Ukifungua juu kwanza, maji na taka vinashuka kwa kasi na kukuta chini kumeziba, basi vinatafuta mlango wa mtu.

6. Tope liondoke siku hiyohiyo. Hapa nawaomba msome taratibu.

Mwaka juzi tulichimba vizuri sana. Kufika saa nane mchana tulikuwa na marundo ya tope ukingoni, mtaro mzima, na tuliahidiwa gari Jumatatu. Tukapeana mikono, tukaenda kuoga. Usiku wa Jumapili ikanyesha mvua ambayo hatukuitegemea. Tope lote likarudi mtaroni likiwa laini kama uji, likaziba kwenye kalavati, maji yakaingia kwa bibi mmoja anayekaa peke yake chini ya kona. Unga, godoro, nguo za wajukuu, vyote vililoa. Tulichota maji kwa mabakuli hadi alfajiri. Hakututukana. Aliuliza tu kwa nini hatukupita kumwambia kwamba tumeacha tope juu yake. Swali hilo ninalo hadi leo.

Kwa hiyo: gari liwepo ASUBUHI, kabla koleo la kwanza halijashuka. Kirikuu, lile gari dogo la mizigo, likifanya safari nyingi linatosha. Lori la Fuso halipandi njia zetu. Gari lisipofika, msichimbe, ahirisheni. Tope la kwenye kona lifungwe kwenye viroba kwanza. Na msilisukumie mtoni hata kidogo. Mirongo inaingia ziwani, na maji yetu ya bomba yanavutwa ziwa hilohilo pale Capripoint.

7. Taka ngumu ziende dampo la Buhongwa. Mchanga safi wekeni kando, nitaeleza chini.

8. Wote wanawe kwa sabuni, kisha chai.

MASWALI

Kijana wa Igogo: Mkuu, tunaanzia juu au chini?

Jibu: Hatua ya 5.

Mpangaji: Sisi wapangaji inatuhusu nini? Mwenye nyumba yangu anakaa Nyegezi.

Jibu: Godoro litakalolowa ni lako, ndugu yangu. Njoo na koleo. Mwenye nyumba mpigie umwombe achangie mafuta ya gari. Wawili wa kwetu walichangia baada ya kuombwa tu.

Mzalendo: Kila nyumba ilitoa 2,000. Zilienda wapi?

Jibu: Karatasi ya matumizi imebandikwa ofisi ya mtaa, na risiti zipo kwa mweka hazina. Kaisome, kisha uulize kinachokosekana. Nitakujibu senti kwa senti.

Binti Mwaloni: Shikamoo kaka. Sisi tunazibua kila mwaka na mwezi haupiti mchanga umejaa tena. Unatoka wapi wote huo?

Jibu: Marahaba, dada. Swali zuri. Mchanga hautoki mtaroni, unatoka mlimani: palipokatwa miti, palipochongwa kiwanja kipya, palipopondwa kokoto. Mvua ikikatika tu, panda ukifuata michirizi, utaona wenyewe. Kwenye michirizi pangeni mawe kwa kukingama, ngazi ndogondogo, maji yapunguze kasi. Kando pandeni majani yenye mizizi mirefu. Halafu chimbeni shimo la kunasa mchanga kabla maji hayajaingia mtaroni, kina cha mita moja. Lichoteni kila baada ya mvua kubwa. Sisi mchanga wake tuliwauzia wajenzi, tukanunua mabuti sita.

Fundi Nondo: Naongeza. Shimo hilo lifunikwe kwa wavu wa nondo, vidole vinne kati ya nondo na nondo. Watoto hucheza hapo.

Jibu: Asante sana fundi. Hilo ni la lazima, nilipaswa kuliandika mwenyewe.

Mama Watatu: Jirani yetu mvua ikianza anatapisha choo mtaroni. Tufanyeje?

Jibu: Mama, msianze na kelele. Nendeni watu wawili anaowaheshimu, mchana, mkamwulize shimo limejaa tangu lini. Mlimani gari la kunyonya halifiki, mara nyingi mtu amekosa njia. Ulizeni MWAUWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya Mwanza, kama bomba la majitaka linapita karibu, majirani mkaunganishwa pamoja. Akiendelea, afisa afya wa kata. Na siku hizo watoto wasikanyage maji ya mtaro. Kipindupindu hakihitaji zaidi ya hapo.

Kijana wa Igogo: Kwa hiyo gari hata Jumapili sawa?

Jibu: Hatua ya 6. Isome yote, tafadhali. Kuna bibi anakaa chini ya mtaro wenu pia.

Binti Mwaloni: Kaka, kwetu ni mteremko mtupu. Hilo shimo tuliweke wapi?

Jibu: Pale maji yanapopunguza kasi kidogo, kwa kawaida nyuma ya jiwe kubwa. Jumapili jioni nina nafasi. Mtafute mzee anayeijua njia ya maji ya kwenu, nije tupande naye.