Kumuuguza mzee nyumbani baada ya kutolewa tezi dume kwa matundu madogo

Mjomba wangu alitolewa tezi dume yote huko Nairobi kwa sababu ya kansa, akavuka mto Ruzizi kurudi kwake Kadutu, mjini Bukavu, akiwa bado na sonda, yaani mpira unaotoa mkojo kwenye kibofu hadi kwenye mfuko. Mimi ni muuguzi, nikakaa naye. Waliomtembelea waliona vidonda vitano vidogo tumboni wakadhani amepona. Ndani, kibofu kimeshonwa upya kwenye njia ya mkojo, na mshono huo lazima uachwe ushike.

Hatua ya 1: Atembee. Kidogokidogo, mara nyingi kwa siku, damu isigande miguuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata, hospitali saa hiyohiyo. Bega likiuma siku za kwanza, ni ile hewa ya kaboni waliyojaza tumboni ili waone vizuri. Itaisha.

Hatua ya 2: Sonda. Mfuko ukae chini ya kibofu siku zote, umwagwe kabla haujajaa. Mahali mpira unapoingilia paoshwe kwa maji na sabuni mara mbili kwa siku. Usiku napendelea mfuko mkubwa. Ule mdogo wa pajani hujaa mzee akiwa usingizini. Mkojo wenye rangi ya waridi usiwatishe, ila mabonge ya damu mpigieni daktari.

Usiku wa tatu, saa saba, mjomba akaanza kujikunja. Tumbo la chini gumu, mfuko mkavu. Nikampa maji anywe, nikamzidishia maumivu. Jirani mwenye uzoefu akashauri tuivute sonda tuweke mpya. Nilikataa, na ningekataa tena: sonda ikisukumwa bila kuona inaweza kupasua ule mshono. Umeme haukuwepo. Karibu na alfajiri nikafunua blanketi kwa tochi, nikaukuta mpira umekunjika chini ya paja. Nikaunyoosha, na mkojo ukashuka mpaka mfuko ukakaribia kujaa.

Kwa hiyo anza na vidole: fuata mpira kutoka mwilini hadi mfukoni, kisha mgeuze mzee ubavu. Mkojo usiposhuka, au sonda ikichomoka yenyewe, mpigie aliyempasua na umpeleke hospitali. Neno la kwanza mlangoni liwe: "Ametolewa tezi dume juzi." Asiguswe na asiyejua hilo.

Hatua ya 3: Choo kiwe laini. Papai, sombe (kisamvu), maji. Asijikamue. Bidoni ya lita 20 asiinue kwa wiki sita, wala asipande pikipiki kwenye barabara zetu.

Hatua ya 4: Sonda ikitoka, kwa kawaida baada ya wiki moja au mbili, mkojo utavuja. Mjomba aliona aibu akaacha kwenda misa. Ningemwambia mapema kwamba kuvuja huko kunaweza kuchukua miezi. Abane misuli kama anayezuia mkojo, ahesabu hadi tano, aachie. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Asianze sonda ikiwa bado ndani. Nguvu za kiume nazo huchelewa, pengine mwaka au zaidi, na mkewe aambiwe.

Hatua ya 5: Kipimo cha damu cha PSA, protini inayotoka kwenye tezi dume, kati ya wiki ya sita na miezi mitatu baada ya upasuaji. Kinatakiwa kiwe chini kiasi kwamba mashine haikioni. Jibu lake litunzwe pamoja na karatasi ya majibu ya tezi iliyotolewa ikapimwa maabara, kwa maana kila daktari atakayefuata ataziomba zote mbili.