Kuingia mtandao wa chuo ukiwa home, kwa VPN

Wengi mnauliza mbona mkiwa chuo makala za JSTOR na ScienceDirect zinafunguka bure, mkifika home tu zinataka mlipie. Hizo saiti hazikujui wewe, zinaangalia IP unayotokea (ile namba ya mtandao unaotumia), ikiwa ya chuo unapita, ikiwa ya bando lako imekula kwako. VPN ya chuo inakupitisha kwanza kwenye seva ya chuo ili uonekane uko huko. Ndo maana zile VPN za bure za Play Store hapa hazisaidii kitu, zinakutokezea Uholanzi sijui Singapore, chuo chako kipo huko?

Haya, ingia tovuti ya kitengo cha ICT cha chuo chako uone wanatumia ipi, kila chuo na yake: kuna Cisco Secure Client (wazee wa kazi bado wanaiita AnyConnect), FortiClient, GlobalProtect, wengine eduVPN. Shusha kwa linki yao hapohapo, usigugo ovyo. Ukishainstoli itakuuliza anwani ya seva, andika vilevile walivyoandika wao hata nukta isipungue, halafu weka paswedi yako ya chuo. eduVPN ndo rahisi kuliko zote, unatafuta jina la chuo, brauza inafunguka, unalogini, unakubali, basi. Vyuo vingi sasa vinataka uthibitishe na kwenye simu kwa Duo au Microsoft Authenticator, so kama unabadili simu hamisha hiyo kitu kabla hujasafiri, ukiwa mbali utazungushwa na imeili mpaka uchoke.

Wa Linux instolini openconnect, unaandika sudo openconnect na anwani ya seva, hiyo ni ya Cisco, kwa GlobalProtect unaongeza --protocol=gp.

Ikigoma, cheki kwanza saa na tarehe ya laptopu, zikiwa zimepotea cheti cha seva kinakataliwa na utadhani tatizo ni paswedi. Halafu jaribu hotspoti ya simu, maana wifi za hoteli na maofisi mara nyingi zinaziba VPN.

Kuna hii nyingine, imeunga vizuri kabisa ila JSTOR bado inadai hela. Hapo chuo kimeseti VPN ipitishe mambo ya ndani tu, mengine yote yanaendelea kupita kwenye bando lako. Anzia kwenye tovuti ya maktaba, linki zao nyingi zinapita EZproxy (seva ya maktaba inayokufungulia makala kwa niaba ya chuo) na unalogini kawaida, na kusema ukweli kama shida yako ni makala tu basi EZproxy inatosha, VPN waachie wanaotaka kuingia seva za chuo kwa SSH (njia ya kuendesha kompyuta ya mbali kwa kuandika amri) au programu zenye leseni ya chuo kama MATLAB.

Mlioko Tanzania, TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN wajisajili, kwa hiyo waulizeni ICT wenu chuo kimelifanyaje hilo. Na ukimaliza kazi ikate kabla hujaanza kushusha muvi, pengine zote zinapita chuoni na jina lako liko kwenye logi zao.