Injini Ikizima Angani: Kutua Ukiwa Mzima na Kuchagua Injini Nyingine ya Ndege Uliyojijengea

Ndege nyepesi inayokamata upepo mwingi, kama Zenith CH 701, injini ikizima wakati inapaa hupoteza kasi ndani ya sekunde chache sana. Pua imeinuka, propela haivuti tena, na bawa linakaribia kukosa nguvu ya kubeba. Sukuma usukani mbele papo hapo, mpaka ardhi ijae kwenye kioo, ushike kasi yako ya kuteleza. Mengine yote yasubiri. Wengi waliokufa kwa injini kuzima waliuawa na ndege iliyoanguka bawa moja likitangulia, wala si na ule ukimya wa injini.

Usigeuke kurudi uwanjani kama hujapima kimo unachokihitaji. Kurudi kwenye barabara ileile ya kurukia hakuishii nyuzi 180: lazima upitilize, kisha ujinyooshe tena. Ukilaza ndege nyuzi 45, kasi ambayo bawa hukata kubeba hupanda kwa asilimia 19. Ukilaza 60, kwa asilimia 41. Pima siku ya utulivu, ukiwa mita 1,000 juu ya ardhi: paa kwa nguvu zote, rudisha throtli mwisho, hesabu sekunde nne (huo ndio muda wa mshtuko), kisha geuka nyuzi 220 na uandike umeshuka mita ngapi. Ongeza nusu ya hapo. Namba hiyo ibandike kwenye dashibodi. Chini yake unatua mbele, nyuzi 30 kushoto au kulia, basi.

Ukiwa na mita 300 au zaidi, una nafasi ya kujaribu kuwasha. Anza na joto la kabureta (hewa moto kutoka kwenye ekzosi inayoyeyusha barafu ndani ya kabureta), kwa sababu ekzosi inapoa haraka na dakika moja baadaye halitakuwa na joto la kuyeyusha barafu. Barafu hiyo haihitaji baridi. Kwenye hewa ya unyevu ya pwani hujifunga hata nyuzi 25 za Selsiasi, hasa throtli ikiwa imefungwa. Kisha geuza koki ya mafuta iende tangi la pili, washa pampu ya umeme, hakikisha choki imezimwa, jaribu magneto zote mbili (mitambo inayozipa plagi cheche). Isipowaka, acha. Tangaza "Mayday" mara tatu, weka 7700, namba ya dharura, kwenye transponda (chombo kinachoitambulisha ndege kwenye rada), urudi kuangalia shamba lako.

Shamba likishachaguliwa usilibadilishe. Tafuta nguzo, maana nyaya zenyewe hutaziona. Kwenye shamba lililolimwa tua kufuata matuta. Kabla ya kugusa chini: flapi (vibao vya nyuma ya bawa) zishushwe zote, koki imefungwa, magneto na umeme vimezimwa, mlango umefunguliwa kidogo usije ukabanwa na fremu iliyopinda, mkanda wa kiuno umekazwa chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga. Gusa ardhi ukiwa na kasi ndogo kabisa ambayo bado unaitawala, mabawa yakiwa sawa. Kasi ndiyo inayoamua: kwa kilomita 80 kwa saa, kusimama kwa mkazo wa g 9 (mara tisa ya uzito wako) huhitaji chini ya mita 3, kwa 160, zaidi ya mita 11. Vichaka na mahindi vinaweza kukupa hizo mita 3.

Sasa injini. Kabla ya kuulizia bei ya nyingine, tafuta iliyozima ilizima kwa nini. Kwenye ndege za kujijengea, mara nyingi injini yenyewe ni nzima. Kilichoharibika ni kile fundi alichokifunga kuizunguka: mpira wa mafuta uliopita karibu na ekzosi, tundu la hewa la tangi lililozibwa na nyigu, filta yenye vipande vya gundi ya tangi, waya wa magneto uliochubuka. Ukinunua injini mpya ukaifunga kwenye mfumo uleule, utapata ajali ileile kwa gharama kubwa zaidi.

Pima mtiririko wa mafuta. Inua pua mpaka pembe ya kupaa na nyuzi 5 zaidi, weka mafuta machache tangini, fungua mpira kwenye kabureta, kusanya kwenye ndoo kwa dakika moja. Mafuta yakishuka yenyewe kutoka bawani, lazima yafike asilimia 150 ya yale ambayo injini hunywa ikipaa kwa nguvu zote. Yakisukumwa na pampu, asilimia 125. Rotax 912 ULS hunywa hapo lita 27 kwa saa, kwa hiyo, ukizidisha ulichokusanya kwa 60, unataka takriban lita 40 bila pampu, au 34 ukiwa na pampu. Yasipofika, umempata mkosaji.

Kama injini kweli imekufa, chagua ile ambayo tayari imeruka kwa muda mrefu kwenye ndege ya aina yako, ikiwa na fremu ya kuibeba na kava zinazojulikana. Rotax 912 UL hutoa nguvu farasi 80, ULS 100, kwa kutumia giaboksi na kichwa cha silinda kinachopozwa kwa maji. ULS inadai petroli ya oktani 95. Ukiijazia Avgas (petroli ya ndege) yenye madini ya risasi mara kwa mara, badilisha oili kila saa 25. Jabiru 2200 ni 85, haina giaboksi, ila inadai hewa ya kupoza ipangwe kwa uangalifu mkubwa. Continental O-200 ni 100, nzito, lakini mafundi wengi wanaijua. Injini ya Volkswagen ni rahisi kununua. Krankishafti yake iliundwa kwa ajili ya gari, haikukusudiwa kubeba propela, nasi hatuipendekezi kwa ndege nzito.

Usidanganywe na namba za usawa wa bahari. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,690. Hapo nguvu farasi 100 hubaki takriban 83, na joto la mchana hupunguza zaidi.

Injini ya mtumba uliza jambo moja kwanza: propela yake iliwahi kugonga chini? Kama ndiyo, ifunguliwe yote, krankishafti ipimwe kama imepinda. Kitabu cha kumbukumbu kikiwa hakipo, bei ihesabu matengenezo kamili.

Uzito nao una hesabu yake. Tuseme ndege tupu ina kilo 250, na unaongeza kilo 25 mita 1.2 mbele ya kitovu cha uzito: 25 × 1.2 ÷ 275, kitovu kinasogea mbele sentimita 11. Kwenye ndege ndogo nafasi yote inayoruhusiwa mara nyingi haizidi sentimita 25. Hamisha betri nyuma, pima upya kwa mizani tatu.

Unapofunga, mipira yote ya mafuta iwe mipya. Kwa Rotax, toa hewa kwenye mfumo wa oili kabla ya kuwasha: magneto zimezimwa, plagi za juu zimetolewa, zungusha propela kwa mkono mpaka geji ionyeshe presha. Usizungushe kinyume, kwani huingiza hewa. Linganisha kabureta mbili kwa geji, vinginevyo mtikisiko utaila giaboksi.

Funga mkia, inua pua, endesha kwa nguvu zote huku ukitazama joto. Marekani, badiliko kubwa kama hili huirudisha ndege kwenye majaribio kwa angalau saa 5, bila abiria. Kenya na Tanzania waulize KCAA au TCAA, mamlaka za usafiri wa anga, kabla hujaanza kufungua bolti. Saa hizo zizungushe juu ya uwanja, ndani ya umbali wa kuteleza. Baada ya saa ya kwanza fungua kava, kaza upya bolti za fremu na propela kwa spana ya toki, kata filta ya oili na uikunjue juu ya karatasi nyeupe uone kama kuna chembe za chuma.