Unataka kurudi Mogadishu kufanya kazi serikalini? Soma hii kabla hujakata tiketi

Kila mwezi lazima Msomali mwenzangu aniulize hili swali wasapu. Kakulia Eastleigh au Mombasa, akapata nafasi akaenda Minneapolis au London, kasoma, ana kazi nzuri, sasa roho inamwambia arudi Somalia akasaidie wizara fulani isimame, na hajui aanzie wapi. Basi naandika yote hapa mara moja. Mimi nilikaa miaka miwili kwenye wizara moja pale Mogadishu na makosa mengi ninayowaonya nayo nimeyafanya mwenyewe.

Swali la kwanza la kuuliza ni nani anaifanya hiyo kazi sasa hivi. Mshahara utaulizia baadaye. Serikali ilianguka 1991 lakini watu hawakwisha, kuna mtu alibaki, akahifadhi mafaili nyumbani kwake, amefanya kazi miezi chungu nzima bila kulipwa, na huyo ndo utakayemkuta kwenye meza. Ukiingia kana kwamba nchi ilikuwa inakungoja wewe umeshaharibu. Sisi wanatuita qurbajoog, yaani waliokaa ughaibuni, na neno hilo linaweza kutamkwa kwa mapenzi au kwa uchungu, inategemea wewe umeingiaje.

Sasa milango. Kuna programu ya MIDA ya shirika la uhamiaji IOM, ilianza 2001 kwa nchi za Afrika na Somalia imeitumia sana, wanakuchukua kwa mkataba wa muda wanakuweka ndani ya wizara au hospitali au kwenye serikali za majimbo. Kuna kazi za ushauri zinazolipwa na wafadhili. Alafu kuna kuteuliwa na mwanasiasa, na hapo angalia sana, manake waziri akiondoka na wewe unaondoka naye. Rais wa zamani Farmaajo alitoka Buffalo, alikokuwa mfanyakazi wa idara ya uchukuzi ya jimbo la New York, akawa waziri mkuu mwishoni mwa 2010 na katikati ya 2011 ameshajiuzulu, akarudi kwenye kazi yake Buffalo, urais ulikuja 2017. Kwa hiyo usiuze nyumba yako kwa ajili ya cheo. Omba likizo bila malipo kama mwajiri wako anakubali.

Mkataba ukija tafuta jambo moja tu kabla ya mengine: je, umeandikwa utafanya kazi pamoja na nani? Kama hakuna mtu aliyetajwa kwa cheo chake, mfanyakazi wa kudumu wa serikali atakayejifunza kwako na wewe ujifunze kwake, rudisha mkataba uwaambie waongeze. Mimi sikuomba. Nikafanya kazi peke yangu miezi saba, ripoti nzuri kweli, na hakuna hata mmoja aliyejua nimezitoaje.

Pesa italeta maneno. Wewe unalipwa na mfadhili, jirani yako wa meza analipwa na serikali, na tofauti ni kubwa na kila mtu anaijua hata kama haisemwi. Usijitetee. Sukuma pesa ya mafunzo iende kwake, akialikwa mtu semina Nairobi aende yeye.

Lugha sasa, hapa wengi wetu tunaumbuka. Kisomali chetu ni cha jikoni na cha kwa shangazi, shuleni tulisoma Kiswahili na Kiingereza. Lakini Kisomali kimekuwa na maandishi rasmi tangu 1972 na barua za ofisini zinaandikwa kwa Kisomali safi kabisa, siku ya kwanza nilipewa barua ya kurasa mbili nikaenda chooni kumpigia simu mama anieleweshe. Kabla hujaenda, tafuta barua na matangazo ya serikali usome kila siku. Kiswahili kitakusaidia kuliko unavyodhani kwa sababu ya Kiarabu kilichomo kote kuwili: wasiir ni waziri, mushahar ni mshahara, miisaaniyad ni bajeti na humo ndani unaisikia mizani yetu. Agaasime guud ni mkurugenzi mkuu, huyo ndo atakayekufungulia au kukufungia kila kitu, na wareegto ni ule waraka unaotoka juu. Daftari dogo mfukoni, kila neno jipya liandike.

Miezi mitatu ya kwanza usilete mfumo mpya, nakuomba. Nilifika na laptopu na jedwali langu zuri la orodha ya wafanyakazi, kumbe mzee wa utumishi ana kaunta buku ameandika kila mtu kwa mkono. Nikaona hiyo ni ya kizamani. Jedwali langu likaanza kuchanganya watu. Msomali hana jina la ukoo la kizungu, ana jina lake, la baba, la babu, sasa ukiwa na wafanyakazi mia kadhaa utapata majina matatu yaleyale kwa watu wawili au watatu. Yule mzee alikuwa na safu mbili ambazo mimi sikuwa nazo: jina la mama, na naanays, yaani jina la utani. Somalia jina la utani ni kitambulisho kamili, hata huyo Farmaajo ni jina la utani, linatokana na jibini. Nikafuta kazi ya wiki tatu nikakaa kando yake na chai, tukaanza upya kutoka kwenye kitabu chake. Ndo kazi pekee ya mwaka ule ninayojivunia.

Ukoo hutaukwepa. Viti bungeni vimekuwa vikigawanywa kwa ile fomula ya 4.5, koo nne kubwa sawa kwa sawa na makundi madogo yote pamoja nusu ya fungu, na hesabu hiyo inashuka mpaka ofisini. Utaulizwa wewe ni wa nani. Jibu kwa heshima kisha rudi kwenye kazi, na binamu akikuletea sivii mwelekeze kwenye tangazo kama wengine, hata kama shangazi atakununia.

Usalama ongea na familia kabla, kwa ukweli wote. Tarehe 3 Desemba 2009 kwenye mahafali ya Chuo Kikuu cha Benadir, hoteli ya Shamo, bomu liliua mawaziri, mmoja wao Qamar Aden Ali wa afya aliyekuwa amerudi kutoka Uingereza. Julai 2019 meya wa Mogadishu Abdirahman Omar Osman, Yarisow, aliyewahi kuwa diwani kule Ealing London, alishambuliwa ndani ya ofisi yake mwenyewe akafariki siku chache baadaye. Na fikiria pia vijana waliokufa pale Shamo wakihitimu, ambao hawajawahi kuishi kwingine. Andika wosia, kubalianeni nyumbani nani anapigiwa simu, usipite njia moja kila siku. Lakini pia usijifungie Halane, ile kambi yenye ulinzi pale uwanja wa ndege, mkataba mzima, kuna washauri wanamaliza mwaka hawajakalia kiti wizarani. Dai siku zako za kwenda, wakuu wa ulinzi wakiruhusu.

Ule msamaha wa madeni ya Somalia wa Desemba 2023, dola bilioni 4.5, ulihitaji miaka ya makaratasi ya mapato na matumizi, na mawaziri wa fedha walibadilika katikati lakini kazi ikaendelea. Hiyo inawezekana tu kama chini ya waziri kuna watu wanaojua. Kwa hiyo fundisha wawili, sio mmoja, manake mmoja atapata kazi kwenye shirika na ataenda. Maelekezo yaandikwe kwa Kisomali, na wao waandike, wewe sahihisha.

Mwezi wa mwisho usiguse kibodi. Kaa nyuma, waache waandae orodha ya mishahara wenyewe mwanzo mpaka mwisho, wakikosea subiri waone wenyewe. Ukishaondoka baki kwenye grupu la wasapu na wakikuuliza jibu siku hiyohiyo.