Namna ya Kupinga Uthamini wa Kodi ya Ardhi Malindi

Kodi ya ardhi inayotozwa na Kaunti ya Kilifi si sawa na ile ada ambayo mwenye ardhi ya kukodishwa, yaani aliyopewa na serikali kwa muda maalumu, huilipa serikali kuu, na barua inayochanganya mambo hayo mawili huishia kurudishwa. Kodi ya kaunti hupatikana kwa kuzidisha thamani iliyoandikwa katika daftari la uthamini, yaani orodha ya viwanja na thamani zake, kwa asilimia iliyoidhinishwa na bunge la kaunti, hivyo kiwanja kilichothaminiwa shilingi 2,000,000, kwa mfano wa asilimia 1, kitadaiwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Pingamizi huhusu thamani. Asilimia hujadiliwa wakati wananchi wanapoalikwa kutoa maoni kuhusu mswada wa fedha.

Anza kwa kuomba kuona daftari lenyewe, kisha ulinganishe nambari ya kiwanja, ukubwa, matumizi na jina la mmiliki na yaliyomo katika hati miliki na ramani ya upimaji. Kosa la ukubwa ndilo jepesi zaidi kurekebishwa, kwa kuwa halibishaniwi.

Panapohitaji uangalifu ni msingi wa uthamini. Njia iliyozoeleka nchini ni kuthamini ardhi tupu bila majengo, ingawa sheria inaruhusu njia nyingine. Ikiwa daftari linatumia njia hiyo, kulalamika kwamba paa linavuja au kuta za matumbawe zimechakaa hakusaidii lolote, hata kama ni kweli tupu. Eleza hali ya ardhi: kiwanja cha Muyeye kisichofikiwa na barabara hakistahili bei ya kiwanja cha ufukweni Casuarina. Ambatanisha mikataba ya mauzo ya viwanja vya jirani, picha, na ikiwezekana ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, ambayo kwa kiwanja kidogo huenda ikagharimu zaidi kuliko kodi inayopingwa.

Taja thamani unayoiona kuwa ya haki pamoja na sababu zake, uwasilishe barua kabla ya tarehe ya mwisho iliyotajwa katika tangazo la daftari, na usiondoke bila nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kiwanja kikiwa bado kwa jina la marehemu, ambatanisha hati za mirathi.

Wakati shauri likiendelea, usiache kulipa kwa kudhani kwamba pingamizi limesimamisha deni. Uliza kwa maandishi. Usiporidhika na uamuzi, Sheria ya Kitaifa ya mwaka 2024 kuhusu kodi hizi imeunda jopo maalumu la kusikiliza mizozo ya namna hiyo.